Piga Kama Unamwaga Maji

Juzi nilishuka Voi kuchukua dawa zangu za presha, nikapitia uwanja wa shule moja karibu na reli na kuwakuta watoto wakicheza besiboli. Nilisimama kwenye ua kwa muda mrefu hadi mwalimu wao, kijana mdogo tu, akaja kuniuliza kama nimepotea. Walikuwa na kofia ngumu, glavu za ngozi, na gongo la chuma linalolia kama kengele likigusa mpira. Mwalimu alikuwa anapiga kelele, "Zungusha! Zungusha mikono!" Kulikuwa na mtoto mmoja aliyezungusha kwa nguvu zake zote, na kila mara mpira ulimpita chini ukaenda zake.

Nilitamani kuruka ule ua nikamshike kiuno nimwonyeshe. Lakini miguu yangu siku hizi ina hedimasta wake, si mimi. Basi nimeketi kuandika. Nyinyi walimu wachanga wa michezo, na nyinyi watoto mnaoshika gongo, someni hii. Haina furaha sana, nawaambia mapema.

Nilifundisha michezo shule ya msingi kule Wusi, juu milimani, na miaka ya tisini ndiyo imenikaa zaidi. Nilikuwa UT, mwalimu asiyesomea ualimu. Shule yangu iliishia kidato cha pili. Hedimasta wetu, Mwalimu Mwadime, alinipa michezo kwa sababu waliosomea waliikimbia. Aliniambia, "Mghoi, wewe ni msichana wa miguu mirefu na kichwa cha ndoto. Chukua filimbi." Na kweli nilikuwa wa ndoto. Niliota wasichana wangu wakicheza Nairobi kwenye nyasi za kijani, watu wakiimba majina yao. Mtu akiniambia haiwezekani, nilicheka nikaenda kuchora mistari ya jivu uwanjani.

Besiboli hatukuijua. Tulikuwa na raunda, ambayo naiona kama dada yake mdogo. Unarushiwa mpira, unaupiga, unakimbia kuzunguka vigingi vinne kabla hawajaurudisha. Gongo letu alituchongea fundi wa madawati. Mpira tuliufunga wenyewe kwa raba ya tyubu kuukuu, tukaushonea kitambaa. Ukikupiga mbavuni ulilala chali siku hiyo.

Jambo la kwanza nililojifunza, na hakuna aliyenifundisha ila macho yangu, ni kwamba mtoto haji uwanjani na mikono mitupu. Anakuja na kazi za kwao. Nilipata msichana aliyehamia kwetu kutoka Ndara, ambako baba yake alichunga ng'ombe wa ranchi. Huyo alipiga kwa upande, kwa mkono uliolegea, kama anayemrudisha ndama njiani. Sikumfundisha kitu, nilimwambia tu aendelee. Lakini wetu wa Wusi walikuwa wa jembe. Gongo linapanda juu ya kichwa, linashuka mbele ya miguu. Mwalimu Mwadime alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, anasimama, anauliza, "Mwalimu, hawa wanacheza ama wanapanda maharagwe?"

Jambo la pili lilitugharimu aibu. Uwanja wetu ulikuwa umeegemea mlima. Kigingi cha pili kilikuwa juu, cha nne chini, na mpira ukipigwa vibaya ulibingirika hadi shamba la jirani, ambaye nadhani alikuwa na mipira yetu mingi kuliko sisi. Wasichana walizoea kupiga wakiwa wamekunja goti la upande wa juu, mpira ukiwashukia kutoka mlimani. Hawakujua mkao mwingine. Mimi pia sikujua. Mara ya kwanza tuliposhuka Voi, tukasimama kwenye ule uwanja ulionyooka kama meza, walikunja goti vilevile, wakapepesuka, mmoja akaanguka kabisa. Wasichana wa Voi walicheka hadi wakashikana.

"Jamani, wamezoea kusimama kama mbuzi jabalini!"

"Mtafutieni kijilima asimamie!"

Tulirudi hakuna aliyeimba. Kwenye pikapu, watoto wasipoimba, unasikia kila boliti.

Ni baada ya hapo ndipo Wakesho alipokuja kwangu. Alikuwa darasa la saba, mwembamba, mwenye kunyamaza. Katika wote waliowahi kushika gongo mbele yangu, huyu ndiye aliyekuwa wa mwisho kwa kupiga. Alipiga kama anayeua nyoka, na macho amefumba.

"Mwalimu, mwakani timu itaenda Voi tena?"

"Itaenda, muhula wa pili. Kwani?"

"Nataka kuwa ndani ya timu."

Nikacheka. Si kwa ubaya, ndivyo nilivyokuwa, nilicheka kwa kila kitu. "Wakesho, wewe na mpira hamjasalimiana hata siku moja."

Hakucheka. "Mama yangu yuko hospitali ya Voi," akasema. "Nyanya hataki kunipeleka. Baba mdogo akienda hanichukui. Nikiwa kwenye timu hakuna atakayenikataza kushuka."

Mama yake nilimjua. Mkawasi, aliyekuwa akipika kwenye hoteli moja mjini, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika kutoka barabarani. Alikuwa ameshikwa na ule ugonjwa ambao miaka hiyo watu waliutaja kwa kushusha sauti, au hawakuutaja, walisema tu "amekuwa mgonjwa" na kutazama pembeni. Nyumbani ilishindikana, akalazwa.

Nilimwendea hedimasta kumwombea nafasi kwenye gari, aende tu hata kama hachezi. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaisugua kwenye shati. "Mghoi, pikapu ni ya kuazima. Nikimpandisha mmoja mwenye mgonjwa Voi, kesho nusu ya shule ina mgonjwa Voi. Na usidhani nadanganya. Wanao kweli." Alivaa miwani. "Mfundishe kupiga."

Basi nikaanza.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye kazi. Mtoto anayepiga kama jembe ukimwambia "usipige kama jembe," utamchosha bure. Mikono haielewi "usi." Inabidi uitafutie kazi nyingine inayoijua. Nilijaribu kumfunga leso kiunoni, mimi nikivuta pembe ili nyonga zitangulie. Alizunguka kama pia, akaanguka, akaomba msamaha. Nilijaribu kumfanya afyeke majani kwa fimbo. Akafyeka kwa juu!

Siku moja nilienda kwao kuomba ruhusa ya mazoezi, nikamkuta akiosha vyombo. Alipomaliza akashika karai la maji machafu kwa mikono miwili, akalivuta nyuma ya paja, akazungusha kiuno, na yale maji yakaruka kama shuka jeupe, yakapita ukingo wa ngazi ya shamba, yakatua kwenye sukuma wiki za chini. Hakuna tone lililomrudia miguuni.

Nikapiga ukelele. "Wakesho! Rudia!"

"Maji yameisha, Mwalimu."

"Chota mengine!"

Tazameni mtu anayemwaga karai. Hatazami mikono yake, anatazama maji yanakokwenda. Mguu wa mbele unatulia, nyonga zinafunguka, mikono inafuata mwishoni kama mkia. Mikono ikitangulia maji yanakulowesha. Ndilo pigo lenyewe, lile mwalimu wenu analolichora ubaoni na mishale. Tangu siku hiyo sikumwambia piga. Nilimwambia, "Mwaga."

Nyanya yake alitoka nje na kiko mkononi. "Maji ya kupandishwa kutoka mtoni kwa kichwa, nanyi mnamwaga mkicheza?"

"Yanamwagilia sukuma, Nyanya," nikamwambia.

"Sukuma imelewa hiyo. Angalia, imelala."

Ilibaki shida ya mlima. Nilitaka mahali palipolala sawa ili asije akakunja goti Voi. Milimani kwetu mahali pa namna hiyo hapapatikani bure. Ukiona palipo sawa, mtu alipachimba. Penye nyumba, penye kanisa, penye soko.

"Kwetu papo," Wakesho akasema. "Nyuma ya nyumba."

Akanipeleka. Kumbe kweli. Mlima ulikuwa umekatwa, ukuta wa udongo mwekundu mbichi upande mmoja, na mbele yake uwanda mpana, umeshindiliwa vizuri, hata jiwe hamna. Ulikuwa bado na alama za majembe. Nami kwa furaha yangu nikaruka katikati, nikanyoosha mikono.

"Nyanya! Nani amewatengenezea uwanja? Huu ni wa raunda kabisa!"

Nyanya alikitazama kiko chake. Alikaa kwenye kigogo.

"Baba zake wadogo walikuja kuchimba," akasema. "Wiki ile walipotoka kumwona Mkawasi."

"Mnajenga?"

"Ni pa wageni, Mwalimu."

Nilikuwa mtoto wa milima hiyohiyo. Nilijua kwamba kwenye mteremko huwezi kuketisha waombolezaji, huwezi kuweka viti wala turubai, na kwamba wenye busara huchimba mapema kwa sababu udongo wetu ni mgumu na kifo hakingoji jembe. Nilikuwa nimeona nyumba nyingi zikichimbiwa hivyo miaka ile. Lakini furaha ilinifumba macho, hadi nikaruka juu ya mahali pale na filimbi shingoni. Nilishusha mikono polepole. Sikujua niiweke wapi.

Wakesho alikuwa ameshasimama na gongo. "Mwalimu, rusha mpira."

"Wakesho, twende kule shule, hapa—"

"Rusha."

Nikamtazama nyanya. Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama kusema, mwache apige. Nikarusha. Akakosa. Nikarusha tena.

Tulifanya hivyo kila Jumamosi, na jioni nyingine baada ya shule. Mpira ukigonga ule ukuta wa udongo uliacha shimo dogo, na baada ya muda ukuta wote ulikuwa na ndui. Siku moja, tukipumzika, aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza hesabu.

"Mwalimu, tukipafanya uwanja, si patakuwa uwanja?"

"Vipi?"

"Yaani, mahali pakiwa na kazi yake, hapapewi kazi nyingine. Sivyo?"

Ninyi mliosomea ualimu labda mlifundishwa la kujibu. Mimi nilimfunga kamba ya kiatu.

Alikuwa anapiga kweli sasa. Macho wazi, mguu umetulia, mpira unatoka kwenye gongo na mlio mkavu. Muhula wa pili ulipofika sikumhurumia nilipomweka kwenye timu. Alistahili. Mwalimu Mwadime alikuja na chai yake, akatazama mapigo matatu manne, akaondoka bila kutaja maharagwe, nami nikajua ameridhika.

Siku ya kuteremka, asubuhi na mapema, nyanya alitufuata barabarani. Alinivuta kando ya pikapu.

"Mwalimu, huko mpirani mpeleke. Kule kwingine usimpeleke."

"Nyanya, mtoto amefanya haya yote kwa ajili ya kule kwingine."

"Najua. Unadhani mimi ni jiwe? Si mimi ninayekataza. Mkawasi mwenyewe ndiye aliyesema. Hataki mtoto amwone vile. Anasema amkumbuke akiwa na mashavu." Alishika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa baridi. "Yeye hajui kama mama yake ndiye aliyekataa. Bora anichukie mimi."

Tulishuka kupitia Mwatate. Wasichana waliimba njia nzima. Wakesho naye aliimba, tena kwa sauti, na mimi niliyekuwa nikiwaongoza kuimba siku zote nilikuwa nikihesabu kona za barabara.

Voi joto lilitupokea kama mlango wa tanuri. Wale wasichana walikuwa walewale. Mrushaji wao, Mwanaisha, binti wa mwenye duka, mrefu, mtandio ameufunga nyuma kwa fundo, alikuwa na mkono mkali na mdomo mkali zaidi.

"Karibuni, wa mlimani! Leo mmekuja na mlima wenu?"

"Tumeuacha nyumbani," mmoja wetu akajibu, "tumeona nyinyi hamwezi kuupanda."

Angalau wangu hawakuanguka. Walisimama wima. Lakini tulicheza vizuri bila kutosha, mnajua michezo ya namna hiyo. Wakesho alipoingia tulikuwa nyuma sana, na hata Mungu angetaka tushinde ingembidi aongeze muda.

"Njoo, mwanangu," Mwanaisha akamwambia, "usiogope, mpira hauli mtu."

Mpira ulikuja kasi. Niliona mguu wa mbele ukitulia, nyonga zikafunguka, na gongo likaja mwisho kama mkia. Mpira ulipita juu ya kichwa cha Mwanaisha, ukapita walinzi wote, ukaanguka nje ya uwanja kwenye miba. Wakesho alizunguka vigingi vinne bila kuharakisha. Mwanaisha alisimama mkono kiunoni. "Mashallah," akasema. "Huyo hakupiga, huyo alituma."

Tulishindwa. Wengine walikuwa wakilia na kunywa maji. Yeye alinijia moja kwa moja, gongo bado mkononi.

"Mwalimu, nimepiga."

"Umepiga, Wakesho."

"Saa ya kuona wagonjwa ni sasa. Nimeuliza."

Ningeweza kumwambia nyanya amekataza. Ningeweza kumwambia pikapu inaondoka. Niliwaacha wengine na mwalimu mwenzangu tuliyeshuka naye, nikamshika mkono, tukaenda. Sikuwa nimeamua lolote. Nilikuwa natembea tu na kuomba njia iwe ndefu.

Langoni nilimwambia aningoje nje chini ya kibaraza. Nikaingia peke yangu.

Sitawaeleza Mkawasi alivyokuwa. Alitaka akumbukwe akiwa na mashavu, nami namheshimu. Nitasema tu kwamba alinijua kabla mimi sijamjua. Nilikuwa nimepita kitanda chake.

"Mghoi. Umekuja naye," akasema. Hakuuliza.

"Yuko nje. Sijamwingiza."

Akafumba macho. Kifua chake kilipanda na kushuka. "Usimwingize. Nakuomba."

"Sitamwingiza. Lakini, Mkawasi, leo amepiga mpira hadi nje ya uwanja."

"Wakesho wangu?" Akafungua jicho moja. "Yule hawezi kumpiga hata mbu."

"Amefundishwa na karai la vyombo."

Nikamsimulia. Maji, sukuma zilizolewa, nyanya na kiko chake. Mahali tulipofanyia mazoezi sikupataja. Alijaribu kucheka kile kicheko chake, kikatoka kidogo tu, kikamkohoza. Alipotulia aligeuza uso kwenye dirisha. Yalikuwa yale madirisha ya vioo vya kulala, yanayofunguka kama ngazi, na nje yake kulikuwa na kijiuwanja cha vumbi.

"Mlete hapo nje," akasema. "Nimwone akipiga. Lakini usimwambie ni dirisha gani. Akilijua, atalikimbilia, nami sitaweza kumrudisha."

Nilitoka. Wakesho alisimama aliponiona. Nilipiga magoti, kwa sababu sikuweza kusema maneno hayo nikiwa juu yake.

"Mama yako hataki umwone alivyo sasa. Ni yeye, si nyanya. Lakini anataka akuone wewe. Anataka aone unavyopiga."

Hakulia. Alinitazama hadi mimi nikaangalia chini.

"Kutoka wapi?"

"Kutoka ndani."

"Dirisha gani?"

"Amenikataza."

Alilitazama lile jengo refu. Madirisha yalikuwa mengi, yote yanafanana, na ndani kulikuwa na giza kwa sababu ya jua kali la nje. Askari wa hospitali alitujia. "Mama, hapa si uwanja. Wagonjwa wamelala."

"Hana mpira," nikamwambia. "Anapiga hewa tu."

"Anapiga hewa kwa nini?"

"Mama yake yuko humo."

Askari alitazama gongo, akamtazama mtoto. Akageuka, akaenda kusimama mbali, mgongo kwetu.

Mimi nilidhani atasimama katikati ya kile kiuwanja apige mara moja au mbili, yaishe. Wakesho alitembea hadi mwanzo wa jengo, kwenye dirisha la kwanza kabisa. Akatulia. Akaweka mguu wa mbele, akavuta nyuma, akamwaga pigo zima, safi, hadi mwisho wa mkono. Kisha akasogea dirisha la pili, akapiga. La tatu. Ndani mtu alianza kukohoa, mwingine akauliza kuna nini, sauti ya mzee ikajibu, "Ni mtoto anacheza." Vumbi lilikuwa likinyanyuka kwenye kisigino chake kila alipogeuka.

Alipofika dirisha la mama yake nilishika filimbi. Nilitaka kumwita, nilitaka kuipuliza. Alipiga pale kama alivyopiga kwingine, hakuongeza wala hakupunguza, kisha akasogea mbele, kwa sababu yalikuwa yamebaki madirisha mengine.